Zungusha, Jailos

Mjomba wangu Jailos alikuwa mpiga picha wa pili kwa ubora katika mji wa Mbeya, na alikuwa mwepesi wa kukukumbusha kwamba mjini walikuwa wawili tu. Mimi niliyerithi pua yake na mdomo wake nimelala kwenye stesheni za Ndola, nimepanda malori ya chumvi hadi Kigoma, nimesikia vya kutisha na vya kuchekesha. Hakuna kisa kilichowahi kunifanya nigeuze picha zote za sebuleni zitazame ukuta, isipokuwa hiki. Mke wangu huzigeuza tena asubuhi, huku akinisonya.

Chenyewe kilianza kwa kicheko.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1956, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima Loleza kama kilemba. Mzee Mika alikuja kuchukua picha yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi hata wakati wa palizi. Aliitazama picha, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Jailos, hizi pembe ni za nani?"

"Za mbuzi wa Asukile, baba."

"Zimefikaje kichwani mwangu?"

Jailos alikuna shingo. Kamera za wakati ule hazikuwa na huruma. Ukishapiga, lazima uzungushe kwa mkono kizungusho kidogo cha pembeni ili filamu isogee. Ukisahau, picha ya pili inaangukia juu ya ya kwanza, na hao wawili watakaa kwenye kipande kimoja milele, wapende wasipende. Asukile alimpiga picha mbuzi wake asubuhi, Mzee Mika akafuata, na katikati yao Jailos alikuwa amekwenda kunywa uji.

"Nilisahau kuzungusha, baba. Sikutozi kitu."

"Hunitozi? Wewe ndiye wa kunilipa. Nitaonekana mbinguni na pembe!"

Ndani ya nyumba Damari, mke wa Jailos, alicheka mpaka akajishika ubavu. Ndoa yao ilikuwa changa, haijatimiza mwaka. Alikuwa binti wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alikuwa amempa mumewe jina ambalo halikutumiwa na mtu mwingine duniani: Bwana Giza. Ni kwa sababu mumewe alishinda stoo, dirisha limezibwa kwa blanketi, akisafisha picha kwenye mabakuli ya dawa.

"Bwana Giza!" aliita. "Mzee wa watu umemfanya beberu!"

Jailos alicheka naye. Alikuwa mtu wa kujicheka kwanza, kabla hujamwahi. Vichwa alikuwa amekata, watu alikuwa amewatia weusi kama masizi kwa kuwanyima mwanga, na wengine alikuwa amewaunguza kwa kuwasogezea flashi puani. Lakini kila kosa alilifanya mara moja, halafu akalikumbuka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Ambrosi.

Huyu Ambrosi alikuwa Mhehe wa Iringa mjini. Walikutana ujanani kwenye mashamba ya chai Mufindi, wakalala blanketi moja, maana baridi ya kule haimwulizi mtu kabila. Ambrosi ndiye aliyetangulia kununua kamera. Ndiye aliyemfundisha Jailos, na alipopata mpya akampa ile kuukuu bure. Vidole vyake ungevitambua popote: dawa za kusafishia picha zilikuwa zimezigeuza kucha zake rangi ya kahawia, kama mtu aliyechimba muhogo mbichi akasahau kunawa.

"Mwanga ni chumvi, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Ukizidi hakuna wa kuutoa. Na ukishapiga, zungusha. Usivute hata pumzi katikati. Piga, zungusha."

"Na nikisahau?"

"Utawaunganisha watu ambao Mungu hakuwaunganisha."

Wakati Jailos anaoa, Ambrosi alisafiri kutoka Iringa kuja kupiga picha za arusi. Alikuja peke yake. Mkewe, Matilda, alikuwa kitandani kwa miezi, kifua kimemmaliza, na hospitali walikuwa wamekwisha kumwambia mumewe amrudishe nyumbani. Hata hivyo Ambrosi alikuja, na Jailos hakulisahau jambo hilo. Rafiki anayemwacha mgonjwa aje kukushikia sherehe, utamlipa nini?

Mvua ilinyesha siku ile, kwa hiyo bibi arusi alipigwa picha ndani, mbele ya blanketi jeusi. Filamu ilikuwa imeshaanza kutumika. Ambrosi alisema alipiga moja ya kujaribia kamera kwake Iringa. Alimpa Jailos flashi aishike. Halafu akatoa leso nyeupe na kuifunika ile flashi.

"Kwa nini unaifunika?"

"Mwanga usizidi," alisema Ambrosi.

Kumbe ni ujanja mzuri! Leso inakata makali ya mwanga, inabaki kama nusu. Jailos aliuweka ujanja huo kichwani. Damari alisimama wima na shela lake, Jailos akainua flashi juu, ikawaka.

Wiki chache baadaye yakaja maneno kutoka Iringa, yakiletwa na dereva wa basi. Ambrosi anasikitika sana. Picha zimeungua.

Mpiga picha yeyote wa wakati ule alilijua neno hilo. Filamu imeingia mwanga, imeungua, basi. Hakuna wa kumlaumu. Jailos mwenyewe alishawaambia watu hivyo mara nyingi, mara nyingine ikiwa kweli. Alicheka, akamwambia mkewe, "Hata mwalimu anaunguza!" Wakaendelea na maisha bila picha ya arusi.

Matilda, walisikia, alikuwa ameanza kunywa uji.

* * *

Damari aliacha kucheka kidogo kidogo.

Kwanza aliacha kuita watu ng'ambo ya bonde. Halafu akaacha kubeba ndoo kichwani, akawa anaikokota. Daktari alimtazama macho, akasema damu imepungua, ale mboga za majani. Alikula. Damu iliendelea kupungua.

Jailos alikuwa na desturi ya kumpiga mkewe picha kila filamu inapobakiza kipande cha mwisho. Alimkalisha kwenye kiti kilekile, penye ukuta uleule mweupe, ndoo pembeni. Ilikuwa njia yake ya kujipima kama amejifunza. Sasa picha hizo zikaanza kumsumbua. Aliiingiza karatasi kwenye dawa, akasubiri. Kiti kikatokea, kila msumari. Ndoo ikatokea, mpaka kutu yake. Nguo ikatokea.

Uso haukutokea.

"Nimekuunguza," alimwambia mkewe akicheka. "Nimekuweka karibu mno na flashi."

Mara iliyofuata alirudi nyuma. Kiti, safi. Ndoo, safi. Uso, weupe mtupu. Akafunga tundu la lenzi lipitishe mwanga kidogo. Akafunika flashi kwa leso. Kiti kikawa cheusi, ndoo ikapotelea gizani, nyumba nzima ikawa kama usiku. Uso wa Damari uliwaka katikati yake kama unga uliomwagika.

Mwanga hauchagui. Hilo Jailos alilijua. Hauwezi kuunguza mtu ukakiacha kiti alichokalia.

Aliisogeza picha ile kwenye taa nyekundu ya stoo. Nyuma ya kichwa cha Damari, pale penye ukuta mtupu, kulikuwa na kitu. Mto wa kulalia. Ulikuwa umetariziwa ndege mwenye mkia mrefu.

Kwao hapakuwa na mto wa namna hiyo.

Asubuhi yake alimpelekea mkewe uji kitandani. Damari alifumbua macho, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Akatabasamu kwa adabu.

"Kamwene," alisema.

Hiyo ni salamu ya Kihehe. Damari hakujua Kihehe hata neno moja.

* * *

Unafikiri alikimbilia kwa mganga? Hapana. Alifanya kosa ambalo ni mpiga picha tu angelifanya. Alizikusanya zile picha zilizoungua, akamwacha Damari na mama yake aliyekuja kumwuguza, akapanda basi kwenda Iringa kumwuliza mwalimu wake anakosea wapi.

Alifika mchana, vumbi limemfanya kijivu. Ambrosi alimkumbatia mlangoni. Wakaingia chumba cha mbele, chumba chenye giza hata jua likiwa utosini, na Jailos akazipanga picha mezani, moja baada ya nyingine.

"Nakosea wapi, kaka? Kiti kinatoka. Yeye hatoki."

Ambrosi aliziangalia bila kuzigusa. Zile kucha za kahawia zilibaki zimeshika ukingo wa meza.

"Mwanga umezidi," alisema. "Funga tundu."

"Nimefunga."

"Funga zaidi."

Halafu akasema anakwenda kutafuta soda kwa ajili ya mgeni, akatoka upesi kama aliyeitwa.

Kutoka uani ilikuja sauti ya kinu. Mtwangio ulikuwa ukishuka kwa nguvu, kwa furaha. Ulinyamaza. Mwanamke aliingia akijifuta unga mikononi, mnene, anang'aa, mwenye pumzi ndefu. Ilimchukua Jailos muda kumtambua Matilda.

"Ugonile," alisema Matilda.

Salamu ya Kinyakyusa. Mwanamke wa Iringa, ambaye Tukuyu hajawahi kuiona.

Alimsogelea. Akamvuta kola ya shati ikae sawa, jinsi anavyofanya mke kabla mumewe hajatoka.

"Bwana Giza," alisema taratibu, "umekula?"

Jailos alirudi nyuma, akaigonga meza. Matilda naye alishtuka, akarudisha mkono haraka, akaziba mdomo.

"Nisamehe, shemeji. Sijui yanatoka wapi. Tangu nipone maneno yananijia tu." Alicheka kwa aibu. "Ngoja nikuonyeshe kilichoniponya. Yule wangu hapendi nikionyeshe watu, lakini wewe ni ndugu."

Aliingia chumbani, akarudi na mto. Ulikuwa umetariziwa ndege mwenye mkia mrefu. Kutoka ndani ya foronya akatoa picha.

"Aliniambia niilalie. Huyu bibi arusi simjui. Ila naona kila siku anafifia kidogo, na mimi natokeza."

Picha ilikuwa ya mwanamke mmoja mwenye nyuso mbili. Damari amesimama na shela lake. Na ndani ya Damari, jicho juu ya jicho, mdomo juu ya mdomo, Matilda amelala, amepigwa kutoka juu, mto nyuma ya kichwa.

Mtu mwingine angesema: amesahau kuzungusha. Kosa la kawaida, kama pembe za Mzee Mika. Jailos alitaka sana kusema hivyo. Aliipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kama alivyofundishwa kutazama.

Anayesahau kuzungusha huunguza, kwa sababu mwanga umeingia mara mbili. Picha hii haikuungua popote. Kila mmoja alikuwa amepewa nusu. Nusu kwa Matilda, kule Iringa. Nusu kwa Damari, kule Mbeya, chini ya leso. Na vichwa vyao vilikutana sawasawa, kana kwamba vilipimwa kwa uzi.

Ilikuwa picha bora kuliko zote ambazo Ambrosi aliwahi kupiga.

* * *

Ambrosi aliporudi na soda, Matilda alikuwa amerudi kwenye kinu. Aliiona picha mkononi mwa Jailos. Aliweka soda mezani, akaketi.

"Ulisema zimeungua," Jailos alinong'ona.

"Nilisema."

"Ulinifundisha wewe. Piga, zungusha."

"Alikuwa anakufa, Jailos. Mtu mmoja wa Kilolo aliniambia. Waweke wawili kwenye kivuli kimoja. Aliyelala atasimama, aliyesimama atalala."

"Iringa nzima ina wanawake. Kwa nini wangu?"

Kinu kilipiga uani. Kikapiga tena.

"Wengine wangeuliza maswali," alisema mwishowe. "Nilihitaji mtu ambaye mumewe angenishikia taa."

Jailos hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliwaza lile blanketi la Mufindi, jinsi walivyokuwa wakilivutana na kucheka. Aliwaza mkono wake mwenyewe, umeinuliwa juu, umeshika flashi.

"Ifute," alisema. "Itoe."

"Haitoki. Ningejua ya kuitoa, unadhani ningelala usingizi?"

"Na ukiichoma?"

"Kitakachoungua humo ni wote wawili."

Kinu kilinyamaza uani. Kikaendelea.

Ndipo Jailos alipofungua mkoba wake. Alitoa kamera, ile kuukuu, ile ya zawadi. Akatia globu kwenye flashi. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua, akaifunika flashi.

Ambrosi aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Kwa nini unaifunika?"

"Mwanga usizidi," alisema Jailos.

Ikawaka.

Kwa kitambo chumba kilikuwa cheupe, na Ambrosi alikuwa amesimama katikati yake, wima, mikono mbele. Halafu giza likarudi. Globu ikalia tiki, tiki, ikipoa. Wote wawili walingoja sauti nyingine, ile ndogo, ya kizungusho.

Haikuja.

"Zungusha," Ambrosi alinong'ona.

Jailos alikunja kamera.

"Zungusha, Jailos. Mdogo wangu. Zungusha filamu."

Alimfuata hadi barabarani bila kofia. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama vumbini, kidole gumba na cha shahada vikizunguka hewani, vikizungusha kitu kisichokuwepo.

* * *

Safari ile, mjomba alisema, ilikuwa ndefu kuliko mashamba yote ya miti ya Sao Hill. Kamera alikuwa ameipakata. Kidole gumba kilikuwa juu ya kizungusho. Mzunguko mmoja tu, na angekuwa Jailos yuleyule aliyeondoka Mbeya: mtu wa mizaha, msharika wa kanisa, ila sasa mjane. Bila mzunguko huo angekuwa nani? Alikuwa na hasira, lakini hasira ilimwishia njiani. Kilichobaki kilikuwa kizito kuliko hasira. Alimkumbuka Ambrosi akimpa kamera hii, akisema, "Chukua, mdogo wangu, nami nilipewa moyo wa kutoa."

Alipofika, mchana wa siku ya pili, mama yake Damari alikuwa mlangoni, khanga mdomoni.

"Upesi, mwanangu. Upesi."

Chumba kilikuwa na giza la ukungu wa mchana. Damari alikuwa amelala chali. Uso wake ulikuwa kama kwenye zile picha. Hukuona pua inaanzia wapi. Pumzi ilitoka, ikangoja, ikafikiri, ikarudi.

Jailos alipanda juu ya kigoda. Akatia globu mpya. Akafunika leso. Akamtazama mkewe kupitia lile dirisha dogo la kamera, akakitafuta kichwa chake mpaka kikakaa pale, palepale, alipokuwa amekiweka kichwa cha Ambrosi.

Ikawaka.

Kuhusu kilichotangulia mwako huo, mjomba alikuwa na jibu moja hadi anaingia kaburini. "Nilizungusha," alisema. "Nilizungusha nikiwa mlangoni. Nilitaka kumbukumbu yake tu." Hakuna aliyemshtaki, lakini alilisema hata kwa watu ambao hawakuuliza. Alilisema kwa mchungaji. Alilisema kwa kuku. Na filamu ile hakuisafisha kamwe. Ukimwambia aisafishe ili ijulikane, alijibu kwamba imeungua.

Damari aliamka kesho yake, akataka ndizi. Siku iliyofuata alikaa. Kabla ya Jumapili sauti yake ilikuwa ng'ambo ya bonde. Mama yake alipiga vigelegele hadi majirani wakaja na majembe, wakidhani kuna moto.

Dereva wa basi ndiye aliyeleta habari za Iringa. Ambrosi amezikwa. Hakuugua. Mchana wa kesho yake alirudi tena kutoka barabarani, akajilaza na viatu vyake ili apumzike kidogo. Matilda alimaliza kutwanga, akaenda kumwamsha.

Jailos alizipokea habari hizo amesimama. Alisema, "Poleni," kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalia hadi akaishiwa. Mkewe alikuwa hai, na mtu pekee duniani ambaye angemsimulia ndiye huyo aliyezikwa.

Damari alimfuata na bakuli la maji, anawe uso. Alimshikia bakuli. Hapo ndipo Jailos alipoiona mikono yake.

Kucha zilikuwa za kahawia. Zote kumi, kama za mtu aliyechimba muhogo mbichi akasahau kunawa. Mwanamke ambaye hakuwahi hata kuingia stoo, kwa sababu harufu ya dawa ilimtapisha. Walijaribu sabuni. Walijaribu limau, majivu, mchanga wa mtoni. Hazikutoka. Miaka mingi baadaye wanawake waliouosha mwili wake waliulizana nani alimpaka rangi.

Lakini siku ile alicheka tu, akasema labda ni dawa za hospitali. Akaketi kwenye kile kiti chake cha siku zote, ndoo pembeni, jua limetoka. Akamwomba mumewe ampige picha, kwa kuwa amepona.

Jailos aliazima kamera ya mpiga picha yule mwingine. Alipima mwanga kwa uangalifu. Alipiga. Ndani ya dirisha dogo la kamera uso ulikuwa pale, mzuri, unatabasamu, hauna dosari. Alibaki amemtazama, akausahau mkono wake juu ya kizungusho.

Damari hakutikisika. Tabasamu lilibaki mahali pake. Midomo ilisogea kidogo sana, na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, yenye subira, sauti aliyoizoea tangu baridi ya Mufindi.

"Zungusha, mdogo wangu."